Tangi la Samaki la Madrasa Yetu

  Mwaka huu wanafunzi wametuomba tuandike habari za tangi la samaki lililopo kwenye kona ya darasa la pili, na hasa wametaka tueleze wazi yale yaliyotokea mara ya kwanza. Tumekubali, ingawa habari yenyewe si ya kujisifia.

Ilikuwa mwezi wa Mei mwaka 2023. Tulikuwa tumepita Makambako kwa shughuli za kifamilia tukaona kwa fundi vioo mmoja tangi dogo lililobaki, aliyeliagiza hakurudi kulichukua. Lilikuwa na urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 35, limeunganishwa kwa siliko, safi kabisa. Tukapiga hesabu pale pale: ni kama lita 60, ukiacha nafasi juu zinabaki 55 hivi. Bei ilikuwa nafuu. Tulililaza juu ya godoro nyuma ya pikapu ya jamaa yetu, tukalishikilia kwa mikono kilomita zote 60 hadi Njombe kama mtu aliyebeba mgonjwa.

Wanafunzi walifurahi kupita kiasi. Kila mmoja alileta alichoweza, mwingine shilingi 200, mwingine 500, na mtoto mmoja alileta mayai mawili ambayo mama yake alisema yauzwe. Fedha hizo zilikuwa amana mikononi mwetu. Tunalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililotuuma baadaye kuliko yote.

Samaki tuliagiza Dar es Salaam kwa muuzaji mmoja tuliyeelekezwa. Tulimwuliza kwa simu ni samaki gani wanaweza kukaa pamoja, akatujibu kwamba samaki wote ni samaki. Nasi tukaridhika na jibu hilo! Walifika kwa basi alfajiri, ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa, baada ya safari ya zaidi ya kilomita 600: samaki wa dhahabu wawili, gapi sita wenye mikia ya rangi, na mmoja mwenye mapezi marefu kama kanzu ya sikukuu, yule anayeitwa samaki mpiganaji. Jina lake peke yake lilitosha kutuzindua, lakini hatukuzinduka. Siku hiyo hiyo shemeji yetu, ambaye huenda Lupingu kununua dagaa, akatuletea ndooni mbuna watatu wa Ziwa Nyasa, wa buluu yenye mistari myeusi. Tukawatia wote kumi na wawili katika tangi moja, ndani ya maji ya bomba yaliyochotwa saa ileile, tukawasha hita na pampu ya hewa, tukasoma dua, tukanywa chai.

Usiku wa kwanza mbuna waligawana tangi. Mkubwa wao alichukua jiwe na nusu nzima ya upande wa kushoto, na yeyote aliyevuka alikimbizwa. Siku ya tatu kanzu ya yule mpiganaji ilikuwa matambara, na siku ya nne tulimkuta amelala chini. Gapi wawili walifuata. Samaki wa dhahabu walikuwa juu ya maji wakihema kwa midomo. Tukadhani wana njaa, tukawaongezea chakula. Na hapo tukiri jambo jingine: kila mtoto aliyepita alitupia kipande cha mkate, nao walikuwa zaidi ya arobaini. Wiki ya pili umeme ukakatika tangu usiku hadi adhuhuri. Ninyi mnaijua baridi ya Njombe inavyoanza mwezi wa Juni. Kipimajoto kilisoma nyuzi 15. Baada ya siku chache miili ya samaki ikatoka madoa meupe kama chembe za chumvi. Hadi mwisho wa wiki ya tatu walibaki watatu tu, mbuna wawili na samaki wa dhahabu mmoja. Mbuna wa tatu alikufa tumbo limevimba.

Jioni ile tulipokuwa tukimtoa wa mwisho kwa kijiko, binti mmoja wa darasa la pili, mwenye umri wa miaka tisa, alisimama karibu yetu akatuuliza: "Ustadhi, ulitufundisha habari ya yule mwanamke aliyemfungia paka hadi akafa. Yeye alimfungia mmoja. Sisi tumewafungia kumi na wawili."

Hatukuwa na jibu. Tukamwambia, "Mwanangu, nenda nyumbani jua linazama, tutazungumza kesho." Usiku ule hatukulala vizuri. Hadithi ya mwanamke yule, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, tumeisomesha kila mwaka tangu tulipomaliza stashahada yetu, na kila mwaka tuliisomesha kama habari ya mtu mwingine.

Kesho yake tulisimama mbele ya darasa tukasema tumekosa. Tulieleza kwamba mwanamke yule alizuia chakula, nasi hatukuzuia, lakini tuliwafungia viumbe mahali ambapo hawawezi kukimbia bila kwanza kujifunza wanahitaji nini. Kutokujua jambo ambalo ungeweza kuliuliza si udhuru wa kutegemea. Tukarudisha michango yote kutoka mfukoni mwetu, hata thamani ya yale mayai mawili. Binti yule akauliza kama tangi litavunjwa. Tukamwambia hilo litaamuliwa na wazee.

Kamati ya madrasa ilikaa baada ya Ijumaa. Mzee wetu mmoja, ambaye tunamheshimu sana, alisema wazazi wanaleta watoto kusoma Kurani, si kutazama samaki, na tangi liuzwe kabla ya kuleta fitina. Mama mmoja akajibu kwamba mwanawe alikuwa akichelewa kila siku, na tangu tangi liwepo anafika kabla ya adhana ya Alasiri. Sisi tulikumbusha habari ya Abu Umayr, mtoto aliyekuwa na ndege mdogo, ambaye Mtume (s.a.w.) alikuwa akimtania kwa kumuuliza ndege wake amefanya nini. Wanazuoni wametoa humo ruhusa ya mtoto kufuga ndege, kwa sharti asimtese. "Basi sharti hilo ndilo mlilolivunja," akasema mzee. Alikuwa na haki. Kamati ikatoa uamuzi: hakuna samaki kuingia tena mpaka mwalimu aweze kueleza mbele yao kila samaki anatoka wapi, anaishi vipi na anaelewana na nani. Tukapewa miezi mitatu.

Aliyetusaidia ni afisa uvuvi mmoja wa halmashauri, si Mwislamu, aliyeingia darasani na "kamwene" yake, akavua viatu bila kuambiwa, akatia mkono ndani ya maji kabla hata hajakaa. Alituuliza swali la kwanza: "Hawa wanne mliowachanganya, kwao ni wapi?" Hatukuwahi kufikiri kwamba samaki ana kwao. Akatufafanulia. Samaki wa dhahabu asili yake ni China, ni wa maji ya baridi, nyuzi 18 hadi 22 zinamtosha. Gapi ni wa Amerika ya Kusini na mpiganaji ni wa Thailand, wote hutaka joto la nyuzi 24 hivi na kuendelea. Kwa hiyo hita yetu ilipowaka tuliwatesa wa dhahabu, kwani maji ya joto hushika oksijeni kidogo, na umeme ulipokatika tukawatesa wengine wote. Hakuna kipimo cha joto ambacho kingewafaa wote wanne. Hata tungekuwa wapole kama malaika, ndoa ile isingedumu.

Habari za mbuna ndizo zilizotushangaza zaidi, maana hawa ni jirani zetu. Kutoka Njombe ukiteremka Ludewa hadi ufukweni, chini ya Milima ya Livingstone, unakuta miamba inayoingia majini, na ndani yake wamejaa samaki ambao hawapatikani popote duniani isipokuwa katika ziwa hilo. Jina la mbuna ni la Watonga wa upande wa Malawi, maana yake samaki wa miambani. Aina za jamii yao katika ziwa zima ni mamia kwa mamia. Wafugaji wa Ulaya na Marekani huwaita baadhi yao kwa majina ya vijiji vyetu, Lupingu na Manda, na huwanunua kwa bei ambayo tukiitaja hapa mtasema tunatia chumvi. Mmoja wao alipewa mwaka 1926 jina la Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la Wajerumani aliyezunguka nchi za Nyasa mwishoni mwa karne ya 19 akikusanya samaki na wadudu. Sisi tumekulia hapa, na tulikuwa hatujui hata wanakula nini.

Wanakula mwani. Mchana kutwa wanakwangua mawe, na matumbo yao yameumbwa marefu kwa chakula cha majani. Tuliwapa unga wa dagaa na mkate, na ndiyo sababu yule mmoja alivimba tumbo akafa. Kisha kila dume hulinda jiwe lake. Ziwani anayefukuzwa huogelea akaenda zake, lakini katika sentimita 60 aende wapi? Afisa alituambia kwamba mbuna wanataka tangi la lita 200 na zaidi, mawe mengi ya kujificha, na madume machache kwa majike mengi. Ajabu ni kwamba wenye uzoefu huwajaza wengi kidogo kwa makusudi, ili ukali wa dume ugawanyike usimwangukie mnyonge mmoja. Maji yao nayo ni magumu, yenye chokaa na madini, na kipimo cha uchachu wa maji, ambacho katikati yake ni 7, kwa Ziwa Nyasa huwa kati ya 7.7 na 8.6. Vile visamaki vya neoni vya mto Amazoni, ambavyo watu wengi hupenda kwa mstari wao unaong'aa, hutaka maji laini yenye uchachu kidogo. Ukimweka neoni na mbuna, ukimfaa mmoja unamwumiza mwingine, hata wasipogombana.

Tukamwuliza kuhusu yule mpiganaji. Akasema madume wawili wa aina hiyo hawakai pamoja kamwe, na hata akiona gapi mwenye mkia mrefu wa rangi humdhania kuwa ni mshindani wake. Kama mbuna wasingemwua yeye, huenda yeye angewaua gapi. Anaweza kuvuta hewa juu ya maji, ndiyo maana wauzaji humweka katika chupa ndogo na watu hudhani anapenda. Hapendi, anavumilia tu.

Jambo la pili alilotufundisha ni la macho: tazama mdomo wa mkubwa na mwili wa mdogo. Anayeingia mdomoni ataliwa, si leo basi kesho, na hakuna tabia njema itakayozuia. Samaki wa dhahabu tuliyemnunua akiwa na urefu wa kidole anaweza kupita sentimita 20 na kuishi miaka zaidi ya kumi. Mwanafunzi mmoja aliuliza kuhusu mtoto wa kambale aliyemwona bwawani, ambaye ni mdogo na mpole. Afisa akanyoosha mikono yote miwili mpaka ikaishia. "Huyu ndiye mpole wako akikua," akasema, na darasa likacheka. Kwa hiyo hesabu hufanywa kwa urefu wa samaki mzima, si wa siku ya kununua. Watu wana kanuni ya mkono, sentimita moja ya samaki mdogo kwa lita mbili za maji. Inafaa kwa gapi, lakini haifai kwa samaki wa dhahabu, ambaye huchafua maji mno.

Na maji kuchafuka ndiyo sumu iliyowaua wengine bila kuguswa na mtu. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia. Kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo na huondolewa kwa kubadilisha sehemu ya maji. Bakteria hao hukaa katika sponji ya chujio na kwenye changarawe, na tangi jipya halina hata mmoja. Huchukua wiki nne hadi sita kuenea. Sisi tuliwatia samaki kumi na wawili siku ya kwanza. Tena klorini ya maji ya bomba huwaua bakteria na kuunguza matamvua ya samaki, na dawa yake kwetu ilikuwa ndoo mbili tu za kuacha maji yakae wazi usiku na mchana.

Wale watatu waliosalia hatukuweza kuwaweka. Shemeji alitaka kuwarudisha mbuna Lupingu, afisa akamkataza, kwani samaki aliyekaa na wageni huweza kuwa amebeba maradhi na kuyapeleka ziwani. Alitukumbusha yaliyotokea Ziwa Viktoria, ambako sangara aliletwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na kufika miaka ya 1980 furu wa aina nyingi walikuwa wameshatoweka. Biashara ya minofu ilikua, hilo hatulikanushi, lakini furu waliotoweka hawarudi. Ziwa zima lilipata mgeni asiyeelewana na wenyeji, kama tangi letu. Mbuna wetu wakapelekwa Makambako kwa bwana mmoja mwenye tangi kubwa katika mgahawa wake, lenye mawe na mbuna wengine. Kabla hajawachanganya aliwaweka peke yao mwezi mzima kuona kama wana ugonjwa. Huyo alijua kazi. Samaki wa dhahabu alichukuliwa na familia moja yenye bwawa la saruji uani.

Mwezi wa Julai na Agosti tangi letu lilikuwa na maji matupu, changarawe, chujio linalozunguka na mimea michache. Wageni walicheka. Kila siku mtoto mmoja wa zamu alitia chembe chache za chakula kwa ajili ya bakteria ambao hakuna aliyewaona, na akaandika joto la maji katika daftari. Afisa alituletea kipande cha sponji kutoka katika tangi la mtu mwenye samaki wazima, ili bakteria waanze haraka. Tulipokwenda mbele ya kamati tulieleza kama mwanafunzi anayetoa hifdhi yake, na yule mzee akatusimamisha mara tatu kwa maswali. Mara ya tatu aliuliza umeme ukikatika tutafanyaje. Tukamwonesha blanketi la kufunika tangi pande zote na chupa za maji ya moto za kuning'iniza ndani. Akasema, "Haya, bismillah."

Uchaguzi wetu ulikuwa mdogo, na huenda wengine mtaona haupendezi: gapi peke yao, na konokono wachache wa kula mwani. Hakuna dhahabu, mbuna, wala mpiganaji. Gapi hukaa juu na katikati, konokono chini, hakuna anayeingia mdomoni mwa mwenzake, na wote hutaka joto lilelile na maji yaleyale. Tulianza na watatu, dume mmoja na majike wawili, kwani madume wakizidi huwasumbua majike mpaka wakadhoofika. Chakula ni mara moja kwa siku, kiasi cha kuliwa kwa dakika mbili, na anayetupia mkate anafagia msikiti.

Shida tuliyo nayo sasa ni nyingine. Gapi hazai mayai, huzaa watoto wanaoogelea, na hurudia kila baada ya wiki nne hivi. Wakubwa hula watoto, na wanafunzi walipoliona hilo walilia, nasi tukaongeza mimea ya kujificha. Hata hivyo kufika Ramadhani iliyofuata walikuwa zaidi ya thelathini. Tunawapa wazazi wanaoomba, lakini hatumpi mtu kabla hajajibu maswali ya binti yule wa miaka tisa, ambaye sasa ana miaka mingi zaidi na ndiye mshika daftari. Anauliza tangi ni la lita ngapi, limekaa na maji kwa wiki ngapi, na ndani yake kuna nani. Baba mmoja aliyesema atawamwaga mto Ruhuji watoto wakiwachoka alirudishwa mikono mitupu, na alikuja kutulalamikia sisi. Tulimwomba radhi kwa lugha tu.

Juma lililopita mvulana mmoja alikuja na kopo lenye mtoto wa perege kutoka bwawa la babu yake, akitaka awekwe pamoja na gapi kwa sababu ni mpweke. Mshika daftari hakumjibu. Alichukua rula, akampeleka sokoni kwa mwuza samaki, akampimisha perege mzima aliyekuwa mezani. Kisha wakarudi wote wawili, wakaja kutuomba ruhusa ya kutoka mapema ili wamrudishe yule mdogo bwawani kabla ya Magharibi.